Karatasi Zilizougua Ndigana

Niseme mapema, tusizungushane: matundu niliyatoboa mimi. Si panya, si mende, si mtu wa posta. Ni mimi, kwa mkono huu wa kulia, kwa mashine ya ofisi ya kutobolea karatasi, saa nne asubuhi, nimeshiba chai na akili zangu zote ninazo. Nilitoboa mawili mawili, yamenyooka kama yamepigwa rula. Mpaka leo nikilikumbuka kosa lile hukasirika mara mbili: kwanza kwa sababu lilikuwa kosa, halafu kwa sababu ilikuwa kazi safi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya mifugo mjini Shinyanga. Kidato cha nne nilimaliza kwa daraja ambalo sipendi kulizungumzia, lakini mwandiko wangu ulikuwa wa kutundikwa ukutani, na masjala ni mahali ambapo mwandiko mzuri unaweza kumficha mtu kwa miaka mingi. Nilikipenda kile chumba. Mle ndani hamkuwa na ng'ombe. Ng'ombe wote walikuwa kwenye karatasi, wametulia. Tena ukisimama mlangoni ulikuwa unaliona bati la nyumba yangu. Mchana navuka barabara, nakula ugali wangu wa mtama na mlenda, najinyoosha kidogo kwenye mkeka, narudi kazini kabla mkuu wangu hajamaliza kuchokonoa meno. Wenzangu waligombania safari za wilayani. Mimi safari zilinitafuta nikazikimbia. Mara ya mwisho kulala nje ya mji ilikuwa kwenye msiba wa baba mkwe, na hata huko nilikwenda na mto wangu.

Basi akaja Daktari.

Alikuwa daktari wa mifugo, dada wa Tanga, kijana bado, suruali ya kaki na mabuti yaliyomzidi mguu. Alikuwa anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu wanyama wa porini: nyati, ngiri, nyamera, pofu. Alitaka kujua wana vijidudu gani kwenye damu, vile vinavyoletwa na kupe, kama vya ndigana, na vile vinavyoletwa na ndorobo, yaani mbung'o, ambavyo vikihamia kwa ng'ombe wa wafugaji huwalaza chini. Pori lenyewe lilikuwa mbali, magharibi huko, ukishapita Runzewe, naye akapiga kambi kule kwa msimu wa uwindaji. Wawindaji wenye vibali wakiangusha mnyama, yeye anawahi na karatasi nyeupe ya duara, pana kama kisahani cha chai. Anadondosha matone manne ya damu, anakausha kivulini, anaitia kwenye bahasha yake pamoja na vijiwe vya kunyonya unyevu. Bahasha zinakuja Shinyanga na Landrova ya ofisi, mimi nazitunza kabatini, na zikitimia nusu nazituma maabara ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Kutunza na kutuma. Mbuzi angeiweza.

"Ufadhili wangu ni wa msimu huu mmoja, kaka," aliniambia siku ya kwanza. "Zikiharibika hizi, sina shahada. Narudi mjini kutibu mbwa wa watu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Halafu, kwa kuwa napenda kuonekana najua, nikamwuliza kwa nini asitazame damu kwa hadubini kama wenzake wa chumba cha pili. Tone moja, kioo kimoja, mambo yamekwisha.

"Hadubini inaona vijidudu vikiwa vingi, mnyama keshalala chini. Wangu ni wazima, wanakimbia. Vimo vichache, vimejificha."

"Sasa huko ng'ambo wanavionaje?"

Akaitazama mashine yetu ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa imekaa pembeni imejipaka wino. "Hiyo ukiipa waraka mmoja inatoa mingapi?"

"Wino ukiwepo, mpaka mkono uchoke."

"Basi na ya kule ni hivyo hivyo. Inatafuta chembe ya urithi ya kijidudu. Ikikuta hata kipande kimoja, inakirudufu mara nyingi mno mpaka kinaonekana. Ubaya wake haiulizi kipande kimetoka wapi. Ikikutana na uchafu, inarudufu uchafu." Akaninyooshea kidole. "Ndiyo maana kila karatasi inalala peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Daktari."

Na nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi. Ningekuwa sikuelewa ningekuwa na la kusema.

Sasa mniruhusu nieleze masjala, maana mtu ambaye hajafanya kazi masjala ataniona mwendawazimu. Karatasi ikiingia ofisini inapewa namba kwa wino mwekundu, inatobolewa, inafungwa kwenye jalada kwa ile kamba fupi yenye vyuma nchani. Karatasi isiyo ndani ya jalada haipo, hata kama unaiona. Na namba zikirukana, karatasi imepotea. Ikipotea, kuna mtu kaipoteza. Na mwenzangu mmoja aliyekutwa na jalada lililoruka namba alihamishiwa kituo ambacho gari hufika mara moja kwa wiki, likijisikia. Miezi ile ilitangazwa kwamba mkaguzi wa majalada yuko njiani kutoka makao makuu. Nami kabatini nina katoni ya bahasha ndogo, zimelundikana ovyo kama michembe ya viazi kwenye gunia.

Sikulala vizuri kwa siku tatu. Siku ya nne nikafungua majalada mapya. Jalada la Nyati. Jalada la Ngiri. Jalada la Nyamera na Pofu, kwa kuwa walikuwa wachache nikawaweka pamoja. Bahasha haziingii ndani ya jalada, kwa hiyo nikatoa karatasi. Nikazipanga kumi kumi, nikazinyoosha kwa kuzigongagonga mezani, nikatoboa, nikapitisha kamba, nikakaza. Ngiri juu ya ngiri, damu juu ya damu. Na mashine yenyewe ilitoka kwa nyati ikaenda kwa ngiri ikaenda kwa pofu bila hata kufutwa, kwani tangu lini mtu akafuta mashine ya kutobolea?

Katikati ya zile karatasi kulikuwa na nyingine tupu. Zilikuwa na namba lakini hazikuwa na damu, wala jina la mnyama. Nilidhani Daktari kajisahau. Nilitaka kuzitupa, nikaona namba zitaruka. Nikazifunga nazo.

Mkaguzi hakuja. Hawa watu hawaji ukijiandaa. Lakini majalada yalikuwa yanapendeza mno, nikayaacha hivyo hivyo. Siku ya kutuma nusu ya kwanza nilizifungua karatasi, nikazitia kila moja kwenye bahasha mpya, nikaandika upya kila kitu kwa mwandiko wangu wa maonyesho, nikapeleka posta. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimechangia sayansi.

Barua ya maabara ilifika mapema Novemba, na bahati mbaya yangu ilimkuta Daktari yuko mjini, amekuja kuchukua mafuta na sabuni. Aliifungulia masjala, kwenye meza yangu. Dereva wa Landrova alikuwa ameegemea mlango anakula karanga. Dereva huyu ni mtu wa Kisukuma mwenye mwili mkubwa na maneno mengi, na mimi alikuwa ananiita Mwali, kwa sababu sitoki ndani.

"Wamepata ndigana," Daktari alisema, macho bado kwenye barua.

"Hongera, Daktari!"

"Kwa nyati wote."

"Si ndiyo uliyokuwa unaitafuta?"

"Kwa ngiri wote. Kwa nyamera wote. Kwa pofu." Akageuza ukurasa. "Na kwa karatasi tupu."

"Karatasi tupu zimefanyaje?"

"Zina ndigana."

Dereva akaacha kutafuna. "Karatasi haijawahi hata kwenda malishoni, imeugulia wapi? Basi zipelekwe josho."

Hakuna aliyecheka. Daktari alikaa kwenye kiti changu akatueleza taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Zile tupu aliziweka kwa makusudi. Zilikuwa mtego. Karatasi isiyo na damu ikikutwa na kijidudu, maana yake njiani kuna mahali kila kitu kimeambukizana, na hapo hakuna jibu hata moja la kuaminika, la nyati wala la nani. Msimamizi wake wa kule alikuwa ameandika kwa adabu sana kwamba huenda mikono ya mkusanyaji haikuwa misafi.

"Ni mimi," alisema. "Ni mikono yangu. Nilikuwa peke yangu, nashika mnyama, naandika, nakausha. Nimeharibu mwenyewe." Kisha akatazama mstari wa chini. "Wanasema karatasi zote zilifika na matundu mawili. Matundu ya nini?"

Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Labda panya."

Daktari hakusikia. Alikuwa ameshatoka kwenda bombani, anasugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka viwiko, mtu ambaye mikono yake haikuwa na kosa lolote. Dereva akanitazama. Akaitazama mashine ya kutobolea mezani. Akanitazama tena.

"Mwali," alisema polepole, "panya gani huyo anatoboa mawili mawili, yamelingana?"

Nikavuka barabara nikaenda nyumbani.

Mke wangu aliniwekea chakula. Nilimega tonge moja nikalizungusha kwenye mlenda mpaka likapoa.

"Umekula wapi?" akauliza.

"Sijala."

"Basi umeiba nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Si uliambiwa zilale mbalimbali?"

"Niliambiwa."

"Sasa?"

"Jalada lilikuwa linapendeza."

Akanitazama vile anavyomtazama kuku aliyeingia kwenye unga. "Nenda kamwambie. Mtoto wa watu anajichuna ngozi bombani kwa sababu ya mambo yako ya kupendeza."

Nilirudi. Sikuwa na hotuba, kwa hiyo nilifungua kabati nikatoa jalada la nusu ya pili, ile ambayo bado haijatumwa, nikaliweka mbele yake. Hilo lilikuwa zuri kuliko yote. Daktari alifungua jalada, akapitisha kidole kwenye kamba. Akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwa zimegandana kidogo kwa joto. Zikiachana zilitoa mlio kama wa mtu anayebandua plasta.

"Umezitia na namba kwa wino mwekundu," alisema.

"Ndiyo utaratibu, Daktari."

"Na hii tupu umeipa namba."

"Namba ikiruka, mkaguzi anaweza…"

"Kaka. Nyamaza kidogo."

Nilitegemea atanitukana, na kusema kweli ningepata nafuu. Yeye akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilidhani anahesabu makosa yangu. Kumbe alikuwa anahesabu wiki.

"Msimu unafungwa mwisho wa Desemba," alisema. "Wiki saba. Mvua zimeanza, wawindaji wanapungua, lakini bado wapo. Tunaanza upya. Na wewe unakuja."

"Mimi?"

"Nitashika mnyama. Wewe utaandika na kukausha. Mwandiko unao."

"Daktari, mimi sina uzoefu wa…"

"Wa nini?"

"Wa kutokuwa nyumbani."

Dereva alicheka mpaka karanga zikampalia.

Tulilala Runzewe njiani, nyumba ya wageni iliyojaa wachimbaji wa dhahabu, wengine wanakwenda kwenye maduara, yale mashimo yao, wengine wanatoka wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikaa barazani jioni ile natayarisha bahasha, kila moja na vijiwe vyake, nikiwa nimejiapiza sitakosea tena. Kijana mmoja mwenye cheni shingoni, broka wa dhahabu kama nilivyokuja kuelewa, akasogea akachuchumaa karibu.

"Bosi, shikamoo. Unapokea mzigo?"

"Marahaba. Mzigo gani?"

"Usinifiche, bosi. Bahasha ndogo, vijiwe, umekaa pembeni huzungumzi na mtu. Sisi tunajuana."

"Hizi ni za damu ya ngiri."

Akanitazama kwa heshima kubwa. "Ahaa. Siku hizi mnaiita hivyo?"

Asubuhi yake watu watatu walikuja kuniuliza kama napokea damu ya ngiri. Dereva aliwaambia nipo porini mpaka Krismasi, wanifuate huko.

Porini sitaki kupaeleza sana. Wanaopenda pori wameshaandika, waendelee. Mimi ninachokumbuka ni ndorobo. Ndorobo anauma juu ya shati, juu ya fulana, ukimpiga anaruka, anarudi kuuma palepale kama mtu aliyeacha kitu. Na matope, na Landrova kukwama, na mimi kusukuma, na dereva kuniuliza kutoka dirishani, "Mwali, bati la nyumbani unaliona?" Jioni tulikuwa tunakaguana kupe. Wa kwanza alinikamata nyuma ya goti. Nilipiga kelele, Daktari akaja mbio na koleo lake dogo, akamchomoa, akamtazama kwenye mwanga, uso ukamng'aa.

"Huyu ni wa aina ninayoitafuta!" akasema, akamtia kwenye chupa, akaniomba niandike lebo. Goti langu hakuliuliza hali.

Lakini kila karatasi ililala peke yake. Hilo nilihakikisha. Kila mnyama mmoja, glovu mpya, wembe mpya. Nilifunga kamba kati ya miti miwili chini ya turubai, nikaning'iniza karatasi kwa vibanio vya nguo, moja hapa, nyingine hatua moja kule, na katikati nikakataza watu kupita. Nilimfukuza dereva, nikamfukuza askari wa wanyamapori tuliyepewa, siku moja nikamfukuza Daktari mwenyewe kwa sababu alipiga chafya.

"Kaka, sasa unazidi," alisema.

"Ndiyo utaratibu, Daktari."

Na zile tupu sasa nilizitunza kuliko zenye damu. Nilizikausha hazina kitu cha kukauka. Nilizitazama asubuhi na jioni kama mtu mwenye mgonjwa ndani, naomba zisipate hata homa.

Mvua ilitushinda wiki ya tano. Wawindaji wengi wakafunga mahema. Siku nyingine tulikaa kutwa nzima tukisikiliza turubai, bila mnyama hata mmoja. Daktari alikuwa anachukua daftari lake, anahesabu mistari, anafunga, anafungua tena. Mpaka msimu unafungwa hatukufikia nusu ya zile nilizoharibu. Njiani kurudi hakuna aliyenitania, hata dereva, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Bahasha zile hazikuingia masjala hata kwa dakika moja. Daktari alizipakata mapajani mpaka kituo cha treni, akaondoka nazo.

Mwezi wa nne simu ya ofisi ikalia, wakaniita kwa mkuu. Ilikuwa ya masafa, inakwaruza.

"Kaka!" Nilimtambua. "Tupu hazina kitu!"

"Sema tena, Daktari."

"Karatasi tupu! Hazina kitu! Ni safi zote!"

Nilishika meza ya mkuu wangu, ambaye alinikodolea macho asielewe kwa nini mtu mzima anafurahia kitu ambacho hakina kitu.

"Na wanyama?" nikauliza.

"Nyati ndio wenye ndigana. Si wote. Ngiri wamekutwa na vile vya ndorobo, ndigana hawana. Sampuli ni chache, maprofesa wanaguna, wanataka nibadili kichwa cha utafiti, lakini nadhani watapitisha."

"Kwa hiyo nyati wanaumwa?"

"Hawaumwi. Wamebeba tu. Wao ni wazima kabisa."

"Wiki saba, Daktari. Nimeliwa na kupe wiki saba, kuambiwa nyati ni wazima?"

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Walimpitisha. Mwaka uliofuata ofisi ililetewa nakala ya tasnifu yake, jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu. Niliichukua mimi kwa mujibu wa kazi yangu, nikaenda nayo nyumbani mchana, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Ukurasa wa shukrani nilimo, kati ya dereva na askari wa wanyamapori: karani aliyesaidia porini. Nilifurahi kidogo, kisha nikaogopa. Nikatafuta sehemu inayoeleza kazi ilivyofanywa, nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta mashine ya kutobolea. Sikuiona. Palikuwa na sentensi moja tu.

Mke wangu alikuwa anachambua dagaa wa Nkome kwenye ungo. Nikamtafsiria: sampuli za kwanza hazikutumika, kwa kuwa zilichafuka wakati wa kuhifadhiwa.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Hajasema ni nani?"

"Hajasema."

Akapepeta ungo, akatupa vichwa vichache pembeni.

"Huyo dada ana moyo," alisema. "Mimi ningeweka na picha yako."